Matanga ya Munyao

Kwa Vonza, 14 Oktoba 2024

Dada yangu Wavinya,

Nakusalimu, na kupitia kwako nawasalimu Mulinge, Kanyiva na watoto. Sisi huku tu wazima kwa kiasi cha umri wetu. Goti langu la kushoto limeamua kustaafu, na sikuulizwa. Mvua bado. Kila jioni mawingu hupita juu ya Kwa Vonza kama wageni wasio na nia ya kulala. Vile vyumba viwili nilivyojenga nyuma, kimoja nimewapangisha wanafunzi wa chuo kikuu. Wanapika kwa kelele na kucheka, na kicheko chao kinanifaa kuliko kodi yao, maana tangu mke wangu anitoke nyumba ilikuwa imenyamaza mno.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Ningepiga simu, lakini najua unavyoiweka spika kwa ajili ya sikio lako, na jambo hili si la kusikika na boma zima. Bahasha hii nimempa Sista Katunge, anayekuja Sultan Hamud kwa mkutano. Ataiweka mkononi mwako. Isome ukiwa umeketi.

Unajua kwamba tangu niache kufundisha nimo katika kamati ya Haki na Amani ya parokia yetu. Tarehe kumi mwezi huu ni siku ya ulimwengu ya kupinga adhabu ya kifo, na tulikuwa tukikusanya sahihi za kuliomba bunge liifute adhabu hiyo katika sheria. Si kazi ya kumpatia mtu marafiki. Jumapili moja nilisimama baada ya Misa na karatasi zangu, na Mumbua, yule mama muuza mboga, akaniambia mbele ya watu, "Mwalimu, andika jina lako hapo juu kabisa kwa herufi kubwa, ili siku wezi watakapomaliza mbuzi zako tukusomee." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kisha akachukua kalamu akatia sahihi.

Tarehe kumi yenyewe tulikwenda gereza moja kubwa upande wa Nairobi, kusali Misa pamoja na waliohukumiwa kunyongwa na wale ambao hukumu zao za kunyongwa ziligeuzwa kuwa kifungo cha maisha. Wakati wa kutakiana amani nilishika mkono wa mtu mmoja mwembamba. Hakuniachilia. Akaniambia kwa Kikamba, polepole, "Mjomba, umezeeka."

Wavinya, ni Munyao. Ni mwanao Munyao.

Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa upole zaidi, nikashindwa. Tulimlilia mwaka wa 2012. Mimi mwenyewe nilikuja, nikaketi kwenye kiti cha plastiki uani kwako, nikala wali wa matanga yake. Nilijua kwamba nchi hii haijamnyonga mtu tangu 1987. Lakini ulikuwa umerudi kutoka gerezani ukisema ameshakwenda, na sikuthubutu kubishana na mama aliyefiwa. Nilidhani maradhi ndiyo yaliyomchukua, nanyi mkayaita kitanzi.

Hakuchukuliwa na chochote. Yu hai, ana meno yake yote, na anafundisha wenzake kushona viatu.

Nijibu upesi.

Kaka yako,
Ndeti


Sultan Hamud, 25 Novemba 2024

Kaka Ndeti,

Barua yako ilifika. Huyo Sista wako alikunywa chai na kusifu kuku wangu. Ni mtu mzuri ingawa anatembea kama askari.

Sisi tuko. Mvua ilikuja na hasira ya kuchelewa, ikabeba kingo za shamba la chini. Tumepanda ndengu na kunde. Mbaazi za mwaka jana zimechipua zenyewe. Ng'ombe mwekundu alizaa dume. Mulinge amepata kazi ya kulinda stoo ya saruji huko Malili, anarudi Jumamosi. Kanyiva analalamika mgongo lakini kazi haachi. Upepo uling'oa paa la kanisa letu, tunasali chini ya turubali, na Pasta anasema sasa Mungu anatuona vizuri zaidi. Jirani yangu Syombua alitolewa mtoto wa jicho, na siku hizi anaona mpaka jikoni kwangu.

Goti lako lipake mafuta ya mbarika, usiku ulifunge na kitambaa cha sufu.

Yule mtu uliyemwona, mwombee. Nyinyi Wakatoliki mnaweza kuombea kila mtu. Gerezani kuna Wakamba wengi, na kwa Mkamba kila mzee ni mjomba. Wetu tulishamlilia, tukanyoa nywele.

Usimwambie mtu mwingine.

Wavinya


Kwa Vonza, 9 Desemba 2024

Dada yangu,

Nimefurahi kwa habari ya ndama na nimesikitika kwa habari ya paa. Mafuta ya mbarika nimepaka. Goti linanuka vizuri na linauma vilevile. Mvua imetufikia nasi, na wanafunzi wamekwenda kwao Krismasi.

Si Mkamba yeyote, Wavinya. Ana kile kidole cha kati kilichokatwa na mashine ya majani ya ng'ombe akiwa darasa la sita. Aliniuliza kama bado unaongea na kuku. Mikononi alikuwa na Biblia ya Kikamba iliyofungwa kwa kipande cha kitenge cha kijani chenye maua ya njano, kitenge ambacho mama yetu alikivaa siku ya arusi yako. Sikumuuliza aliipata wapi.

Sikuandikii kusema kwamba hana hatia. Alimpiga Ndolo wa Syombua kwa sepetu kule mtoni, siku walipogombania nani apakie lori la mchanga kwanza, na Ndolo hakuamka. Yeye mwenyewe hakatai. Amesema jina la Ndolo mbele yangu bila mimi kumuuliza.

Nakuandikia kwa sababu kuna mlango. Hukumu yake ya kunyongwa ilikwisha kugeuzwa kuwa kifungo cha maisha, pamoja na za wenzake wote. Sasa Mahakama Kuu itamsikiliza upya na huenda ikampa miaka inayohesabika. Kabla ya hapo afisa wa probesheni atakuja nyumbani kuuliza mambo mawili: kwenu, kama ana kwao na watu wa kumpokea, na kwa Syombua, kama aliyefiwa ana neno. Taarifa ya afisa ndiyo jaji atakayoisoma. Fikiria afisa akifika kijijini akiuliza habari za Munyao, aambiwe kwamba mtu huyo alikwisha kuliliwa. Ataandika nini?

Kanisa letu lilirekebisha Katekisimu mwaka wa 2018, likasema wazi kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa hakuna kosa linalomwondolea mtu utu wake. Najua Katekisimu si kitabu chako. Basi chukua la kwetu. Unakumbuka baba alivyotusimulia king'ole, namna ukoo ulivyomuua mtu aliyeshindikana. Wazee waliweza kukaa na kukubaliana wote, lakini mtu hakuguswa mpaka ndugu yake wa damu aitwe, aulizwe, aseme ndiyo. Akikataa, wote walirudi nyumbani. Hata wao waliogopa kuua bila neno la mtu wa karibu.

Munyao anakungoja. Hakusema hivyo. Ninasema mimi.

Krismasi njema kwenu nyote.

Ndeti


Kwa Vonza, 10 Februari 2025

Wavinya,

Salamu. Krismasi imepita, Januari imepita. Sista Katunge anasema alikuona sokoni, ukamsalimu, ukampa maembe ya kuniletea. Maembe nimekula. Barua haikuwamo.

Afisa atakuja Mei. Kama u mgonjwa niambie. Kama umekasirika niambie pia.

Ndeti


Sultan Hamud, 3 Machi 2025

Kaka Ndeti,

Si mgonjwa. Ndengu tumevuna, si nyingi, zinatosha sisi na za mbegu. Dume la ng'ombe mwekundu lilikufa. Paa la kanisa limerudi.

Sikujibu kwa sababu sikutaka. Ulieleza kitambaa cha Biblia mpaka rangi ya maua, halafu ukasema hukumuuliza aliipata wapi. Wewe ni mwalimu hata ukistaafu. Unaacha nafasi wazi ili mwanafunzi ajaze. Haya, naijaza.

Nilipokwenda gerezani mwaka ule nilibeba shuka jeupe la kumfungia. Nilimwambia askari wa langoni nimekuja kumchukua mwanangu aliyehukumiwa kunyongwa. Akasema, "Mama, wa kunyongwa hawapewi familia. Wanabaki hapa hapa." Hakusema amenyongwa. Hakusema hajanyongwa. Nilikuwa nimemsikia jaji kwa masikio yangu, wakati huo yote mawili yakiwa mazima, akisema mpaka afe. Nani angeniambia kwamba Serikali husema jambo kubwa namna hiyo halafu isilifanye? Nilirudi na shuka langu. Wali ulioula ulikuwa wa kweli.

Mwaka wa tatu baada ya matanga akaja mtu aliyefunguliwa gerezani. Akasema, "Munyao anakusalimu." Nilimpikia. Nikampa Biblia ya kumpelekea kupitia jamaa zake walioko huko. Nikamwambia asipite tena njia hii.

Wewe ulikaa kwenye kiti cha plastiki na kesho yake ukaondoka. Hukuona yaliyotangulia. Wana wa Syombua walikuwa wamefunga njia yangu ya maji kwa miiba. Zizi langu liliwashwa moto. Mulinge alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa na hakulala mahali pamoja mara mbili. Kanyiva akienda posho mill kusaga mahindi, wanawake wanahama foleni. Siku ya matanga Syombua alikuja mwenyewe na wanawe. Waliketi, wakapewa chakula, wakala. Unajua kwetu maana ya kula kwa mtu. Kesho yake miiba haikuwapo njiani. Hakuna aliyesema neno. Baadaye Mulinge akamchukua Kanyiva, mke wa kaka yake, desturi ilivyo, wakazaa wawili, na watoto wa Syombua wakawabeba mgongoni.

Kifo cha Munyao ndicho kilicholeta hayo. Sasa unataka nimtoe kaburini, tena nimtoe ili tumweke wapi?

Umenitajia king'ole. Mimi sikuitwa na wazee wowote. Niliamka siku moja nikakuta nimeshasema ndiyo. Nilikuwa na wana wawili, Serikali ikasema imechukua mmoja, nami nikanyamaza ili nibaki na wa pili. Nyinyi mnakwenda na karatasi kupigania wasinyongwe watu msiowajua, na ni kazi nzuri, sikejeli. Mimi kitanzi nimekaa nacho ndani ya nyumba, nikafagia chini yake.

Usinihubirie tena.

Wavinya


Kwa Vonza, 24 Machi 2025

Dada yangu,

Pole kwa ndama. Huku kuna joto la kupasua vikombe, na lori la maji huja likitaka, si tukitaka.

Sitahubiri. Nimeketi na barua yako kila asubuhi tangu ifike. Katika mikutano yetu nilikuwa na mazoea ya kusema kwamba adhabu hii nchini kwetu ni maneno makavu tu, kwa kuwa hakuna anayenyongwa, kwa hiyo kuifuta hakumpotezei mtu kitu. Watu hupenda kusikia hivyo. Sitalisema tena. Hukumu ya Munyao ilitekelezwa. Ilitekelezwa uani kwako, na tulipakuliwa wali.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona. Nilimweleza yote: matanga, miiba, Mulinge na Kanyiva. Nilidhani nisipomwambia mimi ataambiwa na mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho akitazama mikono yake, kisha akasema, "Mwaitu alifanya vizuri. Afisa akija, na aambiwe sina kwetu. Nimeshazoea huku, mjomba. Usimwandikie Mama habari hii."

Nakuandikia kwa sababu alinikataza, na kwa sababu nilimwona akilisema neno Mwaitu. Mtu anayemwita mama yake kwa sauti ile hajazoea kitu chochote.

Miaka thelathini na mitatu imepita tangu tuchomewe nyumba kule Bonde la Ufa, kwenye ghasia za kikabila. Nilirudi Ukambani nikakuta shamba la baba limeshagawanywa, na haki ilikuwa yenu mliobaki, kwa hiyo nikanunua huku Kitui penye bei ndogo. Bado nikiamka hutafuta dirisha upande ambao halipo. Si maisha kamili. Lakini mtu hunywa chai yake, hufundisha watoto wa watu, huzika mke wake kwa heshima. Huishi. Chumba cha pili cha nyuma hakina mpangaji, na sitampa mwingine. Kama nyumbani hapawezekani, huku panawezekana. Hilo tu ndilo ninaloweza kutoa.

Afisa atakuja mwishoni mwa Mei. Sina la kuongeza.

Ndeti


Sultan Hamud, 2 Juni 2025

Kaka Ndeti,

Tu wazima. Kunde zimekauka shambani, tunakula majani yake ya kuanikwa. Syombua amenipiga.

Niliona ni heri asikie kwangu kuliko kwa afisa. Nilimkuta akipepeta ndengu nje ya jiko. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama, maana nilijua nikiketi nitaongea habari za mvua.

"Syombua, Munyao yu hai."

Akaendelea kupepeta. "Munyao amekuwa nini? Homa imemrudia?" Alidhani ni mjukuu wangu, yule mdogo wa Mulinge tuliyempa jina la marehemu.

"Si huyo. Ni mkubwa."

Akaweka ungo chini. "Tangu lini?"

"Hakufa. Nilidhani amekufa. Baadaye nikajua."

"Ulijua lini, Wavinya?"

Nikamwambia. Hapo ndipo ungo uliponifikia usoni, na ndengu zote. Akanishika kanga ya kichwani akaivuta. Kaka, sisi ni wanawake wa karibu miaka sabini, tulikuwa tunavutana pale kama wasichana kisimani, na kuku wanakula ndengu.

Nilidhani analilia kwamba mwuaji wa mwanawe anakula na kulala. Silo alilolilia. Alisema, "Nilifunga kila Ijumaa nikimwomba Mungu anyongwe. Kila Ijumaa! Ukaja ukasema amenyongwa. Nikaja kwako nikala wali, nikaenda kuutapika nyuma ya choo. Shingo ile naijua! Si nilimbeba mimi mgongoni ulipolazwa na taifodi? Tangu siku hiyo namwambia Mungu, mimi ndiye niliyekuomba kile kitanzi, nisamehe. Pasta akaniambia ni haki ya Mungu, nilale. Sikulala. Na wewe unanisalimia kanisani kila Jumapili, unaniona, unaniacha nibebe maiti ambayo haipo!"

Nikaanza kuokota ndengu. Akaniambia, "Acha ndengu zangu." Nikaacha. Nilipokuwa nikiondoka akasema wanawe atawaambia yeye, nisithubutu mimi.

Mulinge nilimwambia Jumamosi. Alichukua koti lake akarudi Malili bila kula, na hajapiga simu. Kanyiva yeye alicheka, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Basi nina waume wawili, na hakuna hata mmoja aliyerekebisha huu mlango." Kisha akaingia jikoni akafunga huo mlango, na sikumfuata.

Afisa alikuja Alhamisi. Ni msichana mpole, viatu vyake vikajaa vumbi jekundu. Aliniuliza kama namjua Munyao. Nikasema, "Ni mwanangu. Kwao ni hapa. Tulimlilia kwa makosa, kisha tukaendelea kwa makusudi, na hayo makusudi ni yangu, usimwandikie yeye." Akauliza kama atapokewa. Nikamwambia mimi nitampokea, kijiji sijui, lakini kaka yangu Kwa Vonza ana chumba. Aliandika jina lako na akaniuliza kama wewe ni mtu wa kuaminika. Nikasema ni Mkatoliki, lakini hanywi.

Halafu akaenda kwa Syombua. Sikuwapo, lakini Syombua ana sauti, na upepo ulikuwa wa kuja kwangu. "Andika hivi. Simtaki hapa. Nikikutana naye njiani sijui mikono yangu itafanya nini. Umeandika? Andika na hili: kitanzi sikitaki tena. Nilishamnyonga mara moja, inatosha."

Njia ya maji iko wazi. Kila asubuhi naamka kuitazama.

Wavinya


Kwa Vonza, 18 Julai 2025

Dada yangu,

Nakusalimu kwa haraka, maana Sista anaondoka.

Jaji ametoa uamuzi jana. Miaka ishirini na mitano, ikihesabiwa tangu siku alipokamatwa. Kwa mwenendo wake huenda ikapungua, lakini bado imebaki kadhaa. Nilikuwa nimeketi viti vya nyuma mahakamani na Sista. Jaji alisoma maneno ya Syombua yote, la mikono na la kitanzi. Kisha akasoma, "Mama yake amesema ni mwanawe." Munyao alikuwa amesimama wima tangu asubuhi. Hapo akaketi, na askari hakumsimamisha.

Baadaye aliniuliza neno moja tu: ulisema hivyo kwa mdomo wako, au afisa alipamba? Nikamwambia afisa ni msichana asiyejua kupamba.

Wavinya, wewe una miaka sitini na minane. Hesabu ninaijua kama unavyoijua. Usingoje atoke. Nenda umwone. Nitakuja Sultan Hamud nikuchukue, na goti langu hili.

Ndeti


Sultan Hamud, 22 Septemba 2025

Kaka Ndeti,

Natumaini ulifika salama na goti halikukulipiza. Mulinge amerudi nyumbani. Hajasema lolote juu ya jambo lile, lakini amerekebisha mlango wa jikoni. Wana wa Syombua wanapita bila kunisalimu, miiba hawajaweka. Tunangoja mvua.

Nakuandikia yale ambayo hukuyasikia, maana kule gerezani ulitoka nje ukaniacha na Munyao, na njiani wakati wa kurudi sikuweza kuongea.

Amekuwa na uso wa baba yake, Mungu amrehemu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Julai, nikamwambia, "Umekonda." Akasema, "Mwaitu, mbona nasikia mlinililia bila mimi?" Nikashtuka. Nikaona anataka kucheka, nikaogopa kucheka kwanza.

Akauliza, "Watu walikuja wengi?"

"Walikuja. Ua ulijaa."

"Mlichinja?"

"Mbuzi wawili."

"Wawili tu? Mimi kifungua mimba wako?"

Nikamwambia ulikuwa mwaka wa njaa. Akasema, "Haya, wa njaa nimeusamehe." Tukacheka, kaka, mpaka yule askari akatutazama. Kisha akauliza nani alihubiri, na nani alilia sana, na kama Kanyiva alilia. Nikamwambia Kanyiva alizimia, wakammwagia maji. Akasema, "Mwambie nilisikia." Akaniuliza jina la yule mdogo wa Mulinge. Sikuweza kulitamka, lakini alijua kwa kuniona. Akasema ni jina zuri, alitunze.

Akaniambia hatakuja huku, hata akitoka. Atakuja kwako Kwa Vonza akushonee viatu. Nikamwambia nitamtembelea huko. Hatukutaja mwaka.

Nilirudi nimechoka sana, nikalala mchana kutwa. Jana nikaenda kuteka maji. Syombua alikuwa ameketi kwenye lile jiwe la kufulia, peke yake. Tangu siku ya ndengu hatujasemezana. Niliweka mtungi wangu mbali, nikangoja ajaze aondoke. Hakuondoka. Akaniuliza bila kunitazama, "Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Amezeeka?"

Nilitaka kusema hapana, nikaona ni uongo mwingine. "Ana mvi."

Kisha akasema, "Wanaume wa kwetu huota mvi mapema. Ndolo angekuwa nazo zimejaa kichwa kizima."

Nikaketi upande wa pili wa jiwe. Hakuniambia niondoke.

Dada yako,
Wavinya